Mstari wa Kando ya Barabara

Mdomo wangu hauna breki, na kwa miaka mingi nilidhani hiyo ni sifa. Ndiyo maana akina mama wa kikundi chetu cha kuchuna chai, hapa karibu na Sotik, walinifanya mwenyekiti. Tuko sita. Kila mmoja ana siku yake katika wiki, na siku hiyo wote tunaingia shambani kwake na vikapu, tunamaliza kabla lori la kiwanda halijafika kituoni kuchukua majani. Alhamisi ilikuwa ya Nyanchoka, Mama Gekara.

Nyanchoka ni Mkisii. Yeye na mumewe Omariba walinunua shamba linalopakana na langu mwaka aliozaliwa Kipchoge, mtoto wangu wa kwanza. Kikipsigis, lugha yetu, anakiongea vizuri kuliko wajukuu wangu. Mume wangu alipolazwa Kapkatet miezi miwili, mimi nikilala huko hospitalini kwenye kiti, ni yeye aliyekamua ng'ombe wangu asubuhi na jioni. Hayo yote niliyajua siku ile nilipofungua mdomo.

Ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Nyanchoka alikuwa wakala wa chama kile kingine katika shule tunakopigia kura, amekaa pale na beji shingoni kama mtu asiye na wasiwasi wowote. Niliudhika, nikajiona nimesalitiwa. Matokeo yakachelewa, simu zikajaa maneno ya "hawa watu", nami nikayasoma yote. Jumatano kituoni, watu wamejaa wakisubiri lori, na Nyanchoka akiwa palepale kwenye foleni ya mizani, nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani:

"Kesho tunaruka. Wa chama kile wachuniwe na chama chao."

Watu walicheka. Sitadanganya, kicheko kile kilinipendeza. Nyanchoka alipima majani yake, akachukua kikapu, akaenda zake.

Tuliruka Alhamisi tatu. Anayejua chai anajua maana yake. Majani laini yanakomaa, yanakuwa magumu, na karani wa kituo anayarudisha. Omariba alikuwa amevunjika nyonga mwezi uliotangulia, hivyo Nyanchoka alichuna peke yake. Akifika mwisho wa mstari wa nne, wa kwanza umeshamzidi. Nikiwa upande wangu wa ua niliona chai yake ikirefuka na kugeuka rangi, nikajiambia mambo ya siasa yatapoa yenyewe.

Kisha Alexander alikuja kwangu. Huyu ni jirani wa upande wa pili wa Nyanchoka, mtu wa kanisa, mpole. Alikunywa chai yangu, akanieleza kwamba Omariba ameanza kutafuta mnunuzi wa shamba, na kwamba yeye mwenyewe ameshatuma neno kuwa analitaka. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Asante, Mama Kipchoge. Sisi wengine tuliogopa kusema."

Alipoondoka nilibaki nimekaa jikoni. Nilitafuta wa kulaumu. Nikawaza wanasiasa, lakini wanasiasa hata hawamjui Nyanchoka. Hakuna aliyenituma. Nikajua kwamba shamba lile likiuzwa, aliyemhamisha mama yule ni mimi.

Alhamisi ya nne nilichukua kikapu alfajiri, kukiwa na ukungu. Nilizunguka kwa chini ya shamba la Nyanchoka, upande wa mto, mahali ambapo hakuna mtu anayepita. Nikaanza kuvunja vile vichwa vilivyokomaa na kuvitupa chini, ili machipukizi mapya yapate nafasi. Vidole viliuma. Nilipanga nifanye mistari mitano, niondoke kimya, na Alhamisi nyingine nirudi hivyohivyo. Nilidhani nitakuwa nimetengeneza mambo.

Sikumsikia Nyanchoka akishuka. Alikuwa amesimama juu yangu, shuka begani, na hakuniamkia. Alitazama kikapu, kisha akatazama nyayo zangu kwenye tope la mto.

"Mama Kipchoge, yale maneno uliyasemea wapi?"

Nilijibu kwamba kituoni.

"Watu walikuwepo?"

"Walikuwepo."

"Basi usinichunie huku chini kama mwizi. Ukitaka kuchuna, anza na ule mstari wa kando ya barabara."

Akapanda kurudi nyumbani. Nilisimama pale, njia ya mto ikiwa wazi nyuma yangu, na kwa kweli niliitazama sana. Kisha nikapanda.

Kufikia saa tatu ukungu ulikuwa umeinuka na watu walikuwa wanapita na majani yao kwenda kituoni. Wengine walinisalimu, wengine wakajifanya hawanioni. Wenzangu wanne wa kikundi walipita pamoja, wakapunguza mwendo, wakaendelea. Halafu pikipiki ya Alexander ikasimama. Akaniuliza, bado kwa upole, kama nimepotea shamba.

Watu kama kumi hivi walikuwa wanasikia. Nikaitoa ile sauti yangu ya kituoni.

"Leo ni Alhamisi. Ni zamu ya Mama Gekara. Niliiruka mimi, kwa mdomo wangu, na nilimkosea."

Hakuna aliyecheka. Alexander alisema tutaonana kanisani, akawasha pikipiki. Wale wenzangu wanne hawakurudi siku hiyo. Wawili walikuja Alhamisi iliyofuata, wawili mpaka leo hawaji. Niliinamia mstari wangu, macho yamenijaa maji hata sikuona ninachochuna.

Baadaye nilisikia kikapu kikiwekwa chini. Nyanchoka alikuwa ameshika mstari wa pili, ule unaofuatana na wangu, amefunga aproni yake ya plastiki. Hakunitazama.

"Chuna," akasema. "Lori linakuja."