Kipengele cha Tisa

Asmahani alijua fika kwamba anakwenda kusema uongo, na bado alivaa baibui lake jipya. Ndivyo tulivyo.

Alikuwa karani wa nyumba ya wageni ya baba yake mdogo, Salumu, pale Kasulu mjini. Mwaka juzi Salumu aliokota mkataba wa kampuni moja ya Dar es Salaam, akabadilisha majina tu, akamwagiza Asmahani amsomee Dorcas, mfuaji wa mashuka. Dorcas ni mama wa makamo kutoka Nyakitonto na hajui kusoma, kwa hiyo Asmahani alisoma huku akimfafanulia kwa Kiha. Kufika kipengele cha tisa, kwamba mwajiri anaweza kumwachisha kazi wakati wowote, bila sababu wala notisi, ulimi ukawa mzito. Utamwambiaje mtu mzima maneno kama hayo siku ya kwanza ya kazi? Akasema, "Haya mengine ni ya kisheria tu, mama," akamsogezea wino wa dole gumba.

Mwaka huu Dorcas alikwenda kumzika kaka yake. Aliaga, akakaa siku nne, na aliporudi akakuta mtu mwingine anafua. Watoto watatu wa marehemu walikuwa wameshahamia kwake, na kazi nyingine hana. Akashitaki.

Msuluhishi wa migogoro ya kazi, dada mmoja aitwaye Loyce, aliwaketisha meza moja. Salumu akagonga karatasi kwa kidole. "Kipengele cha tisa alisomewa, akakubali. Muulize huyu."

"Ulimsomea chote?" Loyce akauliza.

Asmahani akamtazama baba yake mdogo, aliyemlea na kumsomesha. "Nilimsomea chote."

Alijiandaa kuitwa mwongo, na wallahi angefarijika. Lakini Dorcas alimwangalia kwa upole, kisha akamgeukia msuluhishi. "Basi itakuwa nilisahau. Huyu mtoto hawezi kunidanganya."

Jamani, kuna aibu inayomchoma mtu hadi kwenye nyayo. Asmahani aliinamisha kichwa, akashindwa kukiinua.

"Hata angesomewa mara kumi," Loyce akasema, "kipengele hiki hakina nguvu. Mtu haachishwi kazi bila sababu ya haki na bila kusikilizwa, hata kama aliweka dole gumba. Mzee Salumu, sababu yako ni ipi?"

Salumu akaikunja karatasi yake. Kabla ya adhuhuri alikubali kumrudisha Dorcas kazini.

Kwa hiyo uongo ule haukumfaa yeyote. Asmahani angesema kweli, mambo yangeishia pale pale, naye angetoka na uso wake.

Nje, Dorcas alimshika mkono kwa mikono yake miwili. "Unisamehe, mwanangu. Nimekuaibisha mbele za watu kwa usahaulifu wangu."

Asmahani akafungua kinywa amwambie kweli. Salumu alikuwa amesimama hatua mbili tu nyuma yao, anasikiliza.

"Nimekusamehe, mama," akasema.