Mluzi wa Ami Luqman Mbele ya Watu Mia Nne

Ami yangu Luqman ni mfalme wa njiwa. Muulize mtu yeyote mwenye simu Likoni. Zamani alikuwa mfalme kimyakimya, uani kwake Mtongwe, na raia zake thelathini wenye mabawa. Kisha nikamfungulia ukurasa. Sasa ana wafuasi elfu sita. Mzee mmoja wa Tanga amemfundisha kutia kitunguu thomu kwenye maji ya njiwa, na vifaranga wake wawili waliokuwa mahututi walipona kwa ushauri wa mtu wa Lamu ambaye hajawahi kumtia machoni.

Lakini kilichompa sifa hasa ni mluzi. Kwenye video husimama na kikoi chake, akapiga mluzi mmoja mrefu, na njiwa wote wakateremka. Watu huandika, "Mashallah, wanamwelewa!" Ukweli tunaujua watatu. Nyuma ya simu yangu huwa amesimama mkewe, Bi Kuluthum, akigonga mfuniko wa sufuria kwa upawa. Yeye ndiye anayewalisha, asubuhi na jioni, mwaka wa nane huu. Ile ngo-ngo-ngo ya mfuniko naiondoa mimi, Shaza, nikaweka kasida mahali pake. Dhambi zangu nazijua.

Taabu ilianza Ami alipobishana na Kitsao wa mtaa wa Shika Adabu kwenye kundi la wafugaji. Wakawekeana sharti: njiwa wawili waachiliwe kutoka Mwakirunge, kule ng'ambo ya kisiwa, mmoja wa kila upande, na atakayetangulia kuingia bandani kwao, mwenyewe amchukue njiwa wa mwenzake. Na yote yaonekane laivu, kusiwe na ujanja.

"Hiyo si kamari?" Bi Kuluthum aliuliza.

"Kamari ni ya pesa. Hii ni zawadi."

"Zawadi ya kunyang'anyana."

Ami akamtoa Karafuu, jike mwekundu anayempenda kuliko sisi sote tukijumlishwa. Jumamosi asubuhi, kabla sijawasha simu, akamgeukia mkewe.

"Mama Taha, leo kaa jikoni. Laivu haina kukata. Usitoe hata kikohozi."

"Abee," akajibu Bi Kuluthum, kwa adabu iliyonitia hofu.

Saa mbili kamili Menza, mwamuzi wao anayefanya kazi machimboni Mwakirunge, akafungua vizimba viwili mbele ya simu yake. Dakika ishirini na mbili baadaye Karafuu akatokea juu yetu, ameshavuka ng'ambo bila kungoja feri. Watu mia nne walikuwa wakitazama. Akatua paa la jirani, akatulia.

Ami akapiga mluzi. Karafuu akajikuna bawa.

Akapiga wa pili, mrefu zaidi. Karafuu akampa mgongo.

"Labda leo hataki kuonekana na watu," nikasema. Komenti zikaanza kumiminika. Mmoja akaandika, "Mzee, chaji imekwisha?" Mwingine akauliza kama njiwa huyo ni wa hapo kweli au amekuja kutembea tu.

Ami akaacha mluzi, akashika maneno. "Karafuu, roho yangu. Njoo, kipenzi. Nyumba hii bila wewe ni giza."

Jikoni, mbuzi ya nazi ikanyamaza ghafla. "Nani anaambiwa hayo?" ikaja sauti. "Mimi mwaka wa kumi na tano sijaambiwa hata nusu!"

Watu wakafika mia tano.

Hapo hapo Kitsao akaandika: "Wangu namwona. Anazunguka juu ya nyumba."

Ami akaacha kumbembeleza njiwa. Akakimbilia jikoni, kikoi akikishika kwa mkono mmoja. Nami nikamfuata na simu. Hakuna aliyeniambia nizime.

"Mama Taha, gonga!"

"Nigonge nini?"

"Mfuniko! Haraka!"

"Si uliniambia nisitoe hata kikohozi? Nakutii, bwana wangu." Akaendelea kukuna nazi, taratibu.

"Kuluthum, nakuomba. Watamchukua Karafuu."

"Basi waambie hao watu, nani anayemlisha."

Ami akatazama simu. Akachungulia dirishani: Karafuu yuko pale pale, kama mpangaji aliyelipa mwaka mzima. 

"Jamani," akasema, "njiwa hawa hulishwa na mke wangu. Wanamwitikia yeye. Mluzi ni... ni pambo tu."

Bi Kuluthum akajifuta mikono, akachukua upawa na mfuniko, akatokea uani, sisi nyuma yake. Ngo, ngo, ngo. Karafuu akaruka, akapita karibu na sikio la Ami bila hata salamu, akaingia bandani. Kwenye laivu ya Kitsao, njiwa wake aliingia kwao nusu dakika baadaye. Menza akatangaza matokeo.

"Nimeshindwa kwa haki," Kitsao akaandika. "Jioni namleta wangu. Lakini namkabidhi Bi Kuluthum, mwenye njiwa."

"Shaza," Ami akaniambia kwa sauti ndogo, "ifute hiyo."

"Ami, washaihifadhi."

"Wangapi?"

"Wallahi bado nahesabu."

Bi Kuluthum akanisogelea. "Hebu nisomee, wanasemaje?"

Nikamsomea. Wengi walicheka tu, lakini Lynnette wa Changamwe aliuliza kwa dhati: njiwa wake hawatagi mwezi wa tatu huu, afanyeje?

Ami akafungua kinywa ajibu. Mkewe akamtazama. Akakifunga.

"Muulize kwanza," Bi Kuluthum akaniambia, akiketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, "banda lake mlango unatazama wapi. Na wewe Baba Taha, kanimalizie ile nazi."