Mtungi Si Muhogo

Mfasiri wa makumbusho alikuwa na haraka siku ile, na haraka ndiyo iliyomponza. Fomu ya Kiingereza ilikuwa na visanduku viwili, kimoja kimeandikwa "provenience", cha pili "provenance". Akavitazama, akaguna. Hawa watu wanaulizaje jambo moja mara mbili?

Fomu ya Kiswahili aliyokuwa akiitafsiri ilikuwa ya shangazi yake, aliyekubali mtungi wake ukae kwenye maonyesho miezi mitatu. Kwa mwandiko wake wa kulalia upande, shangazi alikuwa ameandika: "Umetoka shambani kwa bibi. Bibi alimpa mama, mama akanipa mimi." Mfasiri akajaza cha kwanza: umetoka shambani. Cha pili akaandika: kama hapo juu. Kisha huyo, akaenda zake kunywa chai.

Maonyesho yalipokwisha, shangazi alikuja na shuka la kuufungia mtungi. Mtunza vitu wa makumbusho akamwambia hautoki.

"Mama, fomu inasema umechimbuliwa shambani. Kilichotoka ardhini ni mali ya serikali."

"Kwani mtungi wangu ni muhogo mpaka uchimbuliwe?"

Mfasiri akaitwa. Alimkuta shangazi amekalia kiti cha wageni, shuka mapajani. Huyu ndiye aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, na mtungi ule ndio kitu pekee cha bibi kilichobaki. Angeweza kukaa kimya, lawama zikaiangukia fomu. Hakukaa kimya.

"Nimekosea mimi," alisema. "Nilidhani maneno yale mawili ni kitu kimoja."

"Yanafanana kama mapacha," mtunza vitu alisema, "lakini la kwanza linauliza kitu kilikutwa ardhi gani. La pili linauliza kimepitia mikono ya nani."

"Vijiherufi viwili vitatu," shangazi akasema, "vinataka kunipokonya mtungi!"

Mfasiri akafungua jalada, akaitoa fomu ya Kiswahili. Mtunza vitu akaisoma, akairudia, akacheka. Akakata kisanduku cha kwanza cha fomu ya Kiingereza kwa mstari mmoja, akaweka sahihi pembeni. Mfasiri alitaka kulia na kucheka kwa pamoja, akaishia kupenga kamasi.

"Basi tujaze cha pili vizuri," mtunza vitu alisema, kalamu mkononi. "Bibi, kisha mama, kisha wewe. Kuna nafasi ya jina moja zaidi, kama unajua utamwachia nani."

Shangazi alikuwa ameshaanza kuuvingirisha mtungi kwenye shuka. Hakuinua hata kichwa.

"Mwandike huyo huyo aliyenipandisha presha," akasema. "Na safari hii fomu aandike mtu mwingine. Yeye ashike huku chini, mzito huu."