Tukiingoja Darajani

Kompyuta ndiyo iliyoanguka kwanza. Niliisikia ikipasuka juu ya lami kabla sijaona kitu, nikatokea roshani nikiwa bado na mkasi mkononi. Mugisho alikuwa chini kando ya mtaro, watu wamemzunguka. Mmoja alimpiga teke la mbavu. Mwingine alimkanyaga vidole akavisaga polepole, vile mtu anavyozima sigara. Mama mmoja muuza ndizi alivua ndala, akamchapa nayo usoni, akaivaa tena na kurudi kwenye ndizi zake.

“Mubbi!” walipiga kelele. “Mubbi!” Mwizi. Mvua ilikuwa inanyesha na hakuna aliyeijali.

Niliwaona wote vizuri sana. Roshani yetu iko ghorofa ya pili, na ukisimama pale barabara unaiona kutoka juu, kwa mshazari, kila kichwa na kivuli chake. Ni pembe ileile tuliyoipenda kwenye gemu. Hilo ndilo jambo la kwanza lililonijia akilini, Mungu anisamehe.

Lazima niieleze hiyo gemu, maana bila yake Mugisho asingekuwa barabarani siku ile. Ni gemu ya hadithi. Unaitazama nchi kutoka angani, watu wadogo kama punje za maharage, na unamwongoza mgeni mmoja anayeingia mahali palipotoka vitani juzijuzi. Kila unalosema linakumbukwa. Ukimdanganya muuza maji leo, kesho binti yake anakunyima njia. Watengenezaji waliahidi kuitoa, wakaahirisha, wakaahirisha tena, na kila walipoahirisha tuliwatukana na kuzidi kuipenda. Walichokuwa wametupa ni kionjo tu: mgeni anafika darajani, anakuta kundi la watu wenye marungu, na anatakiwa kuchagua. Aongee, apigane, au arudi alikotoka. Basi gemu nzima tukaiita Darajani.

Mugisho ni Mkongo wa Bukavu, anauza viatu vya mitumba mjini. Alikuja kwangu kuagiza kadi za harusi ya dada yake Perpétue, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yangu, kuchora na kukata kadi. Akaiona Darajani kwenye skrini, na harusi ya dada wa watu ikasahaulika hapohapo. Tangu siku ile alikuja kila Jumapili akitoka misa. Mama yangu, Bi Mahfudha, hana imani na mwanamume yeyote anayeichekea kompyuta. Aliacha mlango wazi, akaketi ukumbini na tasbihi yake, na baada ya muda akaanza kumletea chai yenye tangawizi nyingi kuliko yangu.

Tulibishana juu ya jambo moja tu. Mimi darajani niliongea. Sentensi mbili tatu za busara, na wale watu wanakupisha. Yeye hakuongea hata siku moja. Alibofya upanga kabla mkuu wao hajamaliza salamu, akawakata wote mpaka maji chini ya daraja yakawa mekundu.

“Wewe ni mkatili,” nilimwambia nikicheka. “Wasemeshe tu, watakuachia.”

Yeye hakucheka. “Dada Umu, kule kwetu baba alibasemesha. Alisema, alisema. Balimukata akingali anasema.”

Kisha akabofya upanga tena. Sikumwambia tena aongee.

Na mimi nilikuwa na onyo langu kwake: ukikwama barabarani, usiseme Kiswahili. Sema Kiingereza, hata kibovu, au nyamaza kabisa. Unaweza kushangaa kusikia hayo kwa mtu kama mimi. Sisi ni Waswahili wa Old Kampala, wazee wetu walifika hapa na misafara ya kutoka pwani, na nyumbani tunagombana na kuombeana dua kwa Kiswahili. Lakini nikishuka ngazi nasema Luganda. Wengi mjini hapa wamelelewa wakijua kuwa Kiswahili ni lugha ya askari anayevunja mlango, na ya jambazi anayeingia baada yake.

Tarehe ya gemu ikatangazwa. Kompyuta ya Mugisho ilikuwa kuukuu, hata kionjo kiliikwamisha, kwa hiyo alitafuta nyingine mjini mpaka akaipata. Akaamua kuileta kwangu kwanza tuijaribu. Alipofika mtaani kwetu mvua ikaanza, akaifunika kwa koti lake na kukimbia. Kosa lake lilikuwa hilo tu, kukimbia na kitu kilichofunikwa, wiki ambayo duka la jirani lilikuwa limevunjwa. Mtu akamwita asimame. Akageuka, na woga ukamtoa lugha ya mama yake. “Ni yangu!” alisema. “Ni yangu, baba, ni yangu!”

Aliongea. Mara moja maishani mwake Mugisho aliamua kuongea, na hicho ndicho kilichowapandisha mori.

Haya yote alinieleza baadaye. Pale roshani nilichojua ni kwamba wanamuua. Nilipiga kelele kwa Luganda kwamba namfahamu, wamwache, si mwizi. Mwanamume mmoja alitazama juu, akanipungia mkono niingie ndani, kisha akarudi kwenye kazi yake. Akampiga Mugisho jichoni na kipande cha tofali. Niliisikia ile sauti, na bado naisikia nikivunja yai. Pembeni kijana wa bodaboda alikuwa amechomoa mpira wa tangi la pikipiki yake, anakinga petroli kwenye chupa, ametulia, anaangalia isimwagike. Nikaona mwingine akija akibingirisha tairi. Mtu yeyote wa Kampala anajua kinachofuata.

Ngazi zetu ni ndefu na geti lina kufuli. Nisingefika.

Mjomba Mubarak ni polisi mstaafu. Sikukuu akija kula pilau alituchekesha kwa kumwigiza mkubwa wake wa zamani, amebana koo, anatupa Kiswahili cha kambini kama mawe. Sisi watoto tulijigaragaza kwa kicheko. Mama alimfukuza mezani kila mara. Sauti ile aliijua: akiwa msichana iliwahi kuingia nyumbani kwao ikamtoa kaka yake, na kaka hakurudi. Kwa hiyo ilikuwa marufuku kwetu. Hata mimi sikujua kwamba ninayo.

“Nyinyi yote! Lala chini!”

Ilitoka tumboni, haikuwa yangu. Niligonga mkasi kwenye chuma cha roshani, mara mbili, kavu, kama bunduki inayokokiwa.

“Nani nasimama? Wewe ya chupa, weka chini! Mimi napiga! Lala!”

Walilala. Sikutegemea, lakini walilala. Wengine walijitupa palepale kwenye maji ya mvua na wengine walikimbia bila kutazama juu, maana sauti ile watu hawaitazami. Muuza ndizi alijifunika kichwa na sinia lake. Yule wa chupa aliidondosha, petroli ikatiririka mtaroni karibu kabisa na miguu ya Mugisho. Na Mugisho mwenyewe, mbavu zimevunjika, uso umejaa damu, alikuwa anajaribu kuinua mikono juu. Mmoja ulikubali.

Niligeuka nikimbilie ngazi. Mama alikuwa amelala kifudifudi mlangoni, viganja kisogoni, na chai imemwagika mbele yake. Tasbihi bado ilikuwa mkononi.

Hapo ndipo nililia. Nilipiga magoti nikamwambia ni mimi, mama, ni mimi tu. Kisha akajiinua, akajifuta chai kwenye kanga, asinitazame.

“Shuka,” akasema. “Shuka ukamlete.”

Mugisho alipona, kwa maana ya kwamba hakufa. Jicho la kushoto limekwenda, na vidole viwili vya mkono wa kulia havikunjiki. Mama hajawahi kuitaja siku ile. Wale wengine bado nakutana nao, hatuhamishwi na mambo kama hayo. Kijana wa bodaboda hunisalimia kwa adabu, muuza ndizi huniongezea ndizi moja bila kuombwa, na mimi siipokei. Nawachukia. Halafu nanunua kwake tena, kwa sababu ndiye aliye karibu.

Na gemu? Wameahirisha tena, washenzi wale. Sasa wanasema mwezi ujao.

Jumapili iliyopita Mugisho alikuja. Mama alimpa kiti changu. Akafungua kile kionjo, tukiwa tunangoja kama zamani, akiongoza kwa mkono wa kushoto kama mtoto anayejifunza kuandika.

“Siku ile,” akasema, “ulituona namna gani toka huku juu?”

“Kama Darajani,” nikamjibu.

Akatikisa kichwa. “Mie niliona viatu tu, dada Umu. Ingine mie ndiye niliuzisha.”

Mgeni akafika darajani. Mkuu wa wale watu akatoa salamu yake, na safari hii akaimaliza. Mugisho hakugusa upanga, wala hakuchagua kuongea. Alipeleka mshale wa kipanya juu ya mtu mmoja, akautuliza, na maandishi madogo yakatokea: mjane wa mfinyanzi. Akaenda kwa mwingine: muuza chumvi. Mwingine: mwana wa mvushaji. Kila mmoja alikuwa na kazi yake au jamaa zake, na miaka yote ile hatukujua. Yeye alikuwa anawaua, na mimi nilikuwa nikishaongea nawapita.

Akausimamisha mshale juu ya mwenye rungu kubwa kuliko wote.

“Huyu amevaa viatu gani?”

Niliikaribisha picha mpaka ikagoma kukaribia zaidi. Tukainama sote wawili mbele ya skrini. Kutoka juu vile, viatu havionekani.