Mtoto wa Jiwe la Matulo

Jumanne hiyo, saa mbili na robo asubuhi, Nelima alikuwa anachambua kunde mlangoni kwake Matulo wakati jiwe linaloshikilia mlango lilipoondoka. Lilikuwa jiwe la ukubwa wa ngumi mbili, laini tumboni: mtoto wa jiwe la kusagia la marehemu mama yake. Lilibingirika uani, likawapisha kuku, likashika njia ya shule. Mlango ukajifunga. Nelima akanawa mikono, akachukua leso, akalifuata, maana mtoto haachwi barabarani peke yake.

Alijua linakoenda. Wiki iliyopita, makumbusho ya mtu binafsi kutoka Kitale yalileta shuleni sanduku la vitu vya kale, watoto wajifunze kwa kushika. Binti yake Fridah, wa gredi ya sita, alishika jiwe kubwa la kusagia akaandika: "Hili ni jiwe la kukhu, nyanya yangu Nasimiyu. Limekosa mtoto wake." Lakini kibandiko cha jiwe kilisema ni zawadi ya mtu asiyejulikana. Mwalimu Nyaruai akaamini kibandiko, akamwandikia Fridah alama ya "chini ya matarajio". Darasa nalo likampa jina, Mama Mawe. Kevin wa dawati la nyuma alimuuliza kama kokoto za chooni nazo ni shangazi zake.

Fridah alikuja nyumbani akilia, na Nelima akamwambia, "Achana nao, mayi. Hao wako na karatasi." Hapo ndipo alipokosea. Aliogopa karatasi tangu mwaka alioacha shule darasa la saba, wakati mtu wa makumbusho alipokuja kuazima jiwe la mama yake, wiki mbili tu, na mama akabonyeza kidole gumba kwenye fomu. Sasa Fridah alikuwa amekaa siku mbili bila kwenda shule, na leo ametoka kwa kusukumwa. Nelima anajua vile kuacha shule huanza. Huanza na siku mbili.

Barabarani, mwenye bodaboda alipunguza mwendo jiwe likavuka, akamsalimu Nelima, akaenda zake. Kwenye mwinuko jiwe likachoka. Nelima akalifunga mgongoni kwa leso, akaendelea.

Shuleni alikuta sanduku linafungwa. Kizito, afisa wa makumbusho, alikuwa anahesabu vitu na orodha mkononi. Jiwe likateremka mgongoni, likapanda meza, likalala tumboni mwa lile kubwa, likatoshea. Mwalimu Nyaruai akawaambia watoto walioko mbele wakae chini ili wa nyuma waone.

Kisha likaanza kusaga. Hakukuwa na nafaka juu yake, lakini unga wa wimbi ulitoka, mwekundu, wenye harufu ya jikoni kwa Nasimiyu. Mpishi alileta sufuria, halafu ya pili, halafu karai la ujenzi.

Fridah alisimama bila kuitwa. "Madam, mama huniambia kukhu alikuwa anasukuma na mkono wa kushoto. Ndiyo maana limelika upande huu."

Mwalimu alipitisha kidole pale. Akatoa kalamu nyekundu, akakata "chini ya matarajio" kwenye kazi ya Fridah, akaandika "kuzidi matarajio", akaisoma kwa sauti mbele ya shule nzima. Akamwomba Fridah msamaha kama mtu mzima anavyomwomba mtu mzima. Uji ulipikwa ukatosha kuanzia chekechea hadi gredi ya tisa. Kevin alikuja na kikombe chake mara tatu.

"Mama Mawe, niongezee bana," alisema, na safari hii lilikuwa jina la heshima.

Kizito alikunywa vikombe viwili, akafuta mdomo, akatoa fomu. Alimweleza Nelima kwamba kibandiko hakiwezi kubadilishwa hapa, ni mpaka kamati ikae. "Na haka kadogo, mama, tukaazime pia. Wiki mbili tu. Weka kidole hapa."

"Zile wiki mbili za mama yangu hazijaisha," Nelima alisema. Akakunja kidole gumba ndani ya ngumi, ngumi akaificha kwapani, na watoto wakapiga makofi hadi ng'ombe wa jirani wakageuka.

Mzazi mwenye jiwe nyumbani aijue hiyo ngumi, na aikunje mapema.

Jiwe kubwa lilipakiwa likarudi Kitale. Kamati haijakaa. Kibandiko bado kinasema mtu asiyejulikana. Fridah hajakosa shule tena hata siku moja, na vitu vya kale vikiletwa, mwalimu humwita yeye kwanza.

Kila Jumamosi jiwe dogo huondoka kuelekea Kitale, na Jumapili jioni hurudi limechoka, lina unga usoni. Siku hizo mlango hushikiliwa na kiatu. Likitoka Jumamosi, kabla halijakata kona, Nelima huinua kichwa kwenye kunde zake.

"Msalimie mama," huliambia.