Mukanda kwenye Musumari

Gitare ya besi ilianguka Jumapili, mbele ya kanisa zima, kwaya ikiwa imefika pale ambapo kila mutu anasimama na kupiga makofi. Mukanda ulichomoka upande wa nyuma, gitare ikazunguka kwenye bega la Védaste, kijana anayeipiga, na kugonga sementi, na kishindo chake kikatoka kwenye masanduku ya sauti kama bomu. Mama wawili wa mustari wa mbele walikuwa wamekwisha kufika mulangoni kabla pasteri hajasema neno. Mwaka ule wa 2012 watu wa Goma hawakuhitaji kishindo kikubwa ili wakimbie. Waasi walikuwa wamechukua Rutshuru, wamechukua Rumangabo, na watu walikuwa wanalala viatu vikiwa karibu.

Kesho yake Védaste aliibeba gitare kwa Ézéchiel Twagirimana.

Ézéchiel alikuwa muzee wa kuzunguka. Alitoka Goma baada ya volkano ya 2002, akapita Kampala, Kigoma, Kalemie, Uvira, akitengeneza redio, gitare, cherehani, chochote chenye visi za kukaza. Vita hii mupya ilimukuta Rutshuru ikamurudisha muji wake juu ya gari la viazi. Sasa alikuwa anafanyia kazi kwenye kibaraza cha duka la vipuri vya pikipiki, mutaa wa Mapendo, na mufuko wake wa vyombo ameufunga kwa mukanda mupana wa ngozi. Hakuna aliyewahi kumuuliza ule mukanda ulitoka wapi.

"Papa Ézéchiel, hii kitu imenipatisha haya," Védaste alisema. "Nilinunua mukanda mupya Gisenyi, pamoja na vifungio vyake. Mbele imekubali. Nyuma imekataa kabisa. Nikafunga na mupira ya pneu ya pikipiki."

"Na mupira ikakuonyesha nani mukubwa."

"Usinicheke, muzee. Pasteri amekwisha kunicheka mbele ya wasichana wa kwaya."

Ézéchiel aliilaza gitare kwenye mapaja. "Vifungio ni kama funguo na mulango. Haviolewani ovyo. Hii ya mbele ni ya Wazungu. Angalia, kichwa kina ukingo, kikombe cha mukanda kinateleza juu yake mpaka kilie. Ule mupya wako ni wa kabila hiyo hiyo, ndiyo maana imekubali. Sasa ya nyuma..."

Aliigeuza, akaisogeza karibu na macho.

Ya nyuma haikutoka kiwanda chochote. Ilikuwa buloni, bolti ya chuma ya chukudu, ile baiskeli ya mbao inayoshusha kabichi na makaa kutoka milimani. Mutu alikuwa amekata kichwa chake, akakilainisha kwa tupa, akakitoboa katikati tundu la kuingiza pini. Tundu lilikaa kombo kidogo, kuelekea kushoto. Ézéchiel alilijua lile kombo. Siku ya kulitoboa alikuwa na homa, na mukono ulimutetemeka.

"Gitare hii mulitoa wapi?"

"Papa Nsengimana alitupatia, mwaka niliingia kwaya. Alisema aliinunuaka Kampala. Kuna shida?"

"Hakuna. Uiache hapa, upite kesho."

Védaste alipopotea kwenye kona, Ézéchiel alifungua mukanda kwenye mufuko wake, na vyombo vikamwagika chini. Kwenye ncha moja ya ule mukanda kulikuwa na kikombe cha Wazungu. Kwenye ncha ya pili kulikuwa na pini aliyoitengeneza mwenyewe, na ndani yake springi ya kalamu ya biki. Aliiingiza pini kwenye lile tundu la kombo.

Ikalia, tak, kama jana.

Wakati wa uasi ule mwingine, ule wa kabla ya volkano, walikuwa watatu. Damien alipiga besi, Nsengimana aliimba na kupiga solo, Ézéchiel alikuwa fundi. Siku zile mukubwa wa jeshi akitaka kucheza kwenye harusi, alituma askari kuchukua vyombo vya muziki, na chombo kikienda hakirudi. Kwa hiyo besi haikulala nyumba moja siku nyingi. Ilihama juu ya chukudu, chini ya kabichi. Kuulizana kwa sauti ilikuwa hatari, majirani wana masikio, basi wakajiwekea amri: mukanda ukiwa kwenye musumari nyuma ya mulango, gitare iko ndani, juu kwenye dari. Mukanda ukikosekana, gitare imehama. Anayebeba kimoja abebe vyote viwili. Kwa ajili ya ile amri Ézéchiel alitengeneza kifungio kinachotoka kwa kuvuta mara moja, ili mutu aweze kuutundika mukanda haraka kabla askari hawajafika.

Siku moto wa mulima uliposhuka mujini, walikuwa wanakimbia, yeye na Damien, wakapita kwenye nyumba ya Damien. Damien alisukuma mulango, akatazama nyuma yake, akacheka kabisa.

"Mukanda uko! Iko ndani! Shika hii, ninapanda kuichukua."

Akamutupia Ézéchiel mukanda, akaingia. Ézéchiel alisimama barabarani akiita. Moto ukatokea upande wa juu, mweusi mugongoni na mwekundu tumboni, bila haraka, ukaingia nyumbani kabla Damien hajatoka.

Kule Gisenyi, watu walikokimbilia, kwenye kilio cha Damien, mama wa Damien alimutazama mbele ya watu wote. Jina lake Nyiramahirwe. Alisema, "Ulishika mukanda. Ungeshika mutoto wangu." Tangu siku ile hakumupa tena mukono. Watu walisema Ézéchiel ana miguu ya kuwasha, hawezi kukaa mahali. Miguu yake haikuwa na shida. Ni huyu mama mumoja, katika muji mumoja, aliyekuwa anamugeuzia mugongo.

Sasa gitare ilikuwa hapa, haina hata alama ya moshi. Basi siku ile haikuwa kwenye dari.

Nsengimana alikuwa kwenye uwanja wa kanisa, anahesabu viti vya plastiki. Alikuwa amenenepa, na siku hizi watu walimuita prezida wa kwaya. Alimuona Ézéchiel anakuja, gitare begani na mukanda wa zamani umeishika, akaacha viti.

"Nilimukataza ule mutoto kukuletea," alisema. "Wanamuziki hawasikii."

"Uliichukua saa ngapi?"

"Asubuhi. Mulima ulikuwa umekwisha kupasuka. Nilipita na chukudu, nina watoto, nina magodoro. Nikasema niiokoe."

"Na mukanda?"

"Niliufunga ili niishushe darini. Niliivuta gitare, mukanda ukabaki mukononi. Wewe ndiye uliutengeneza utoke vile. Mikono ilikuwa imejaa, nikautundika pale nilipozoea kuutundika. Mazoea, Ézéchiel. Mukono ulikwenda wenyewe kwenye musumari."

"Mazoea."

"Nilidhani nitakutana na Damien njiani nimuambie. Halafu Gisenyi nikakusikia mbele ya kilio unaeleza habari ya mukanda. Ningefungua kinywa namna gani?"

"Kama vile unavyokifungua kila Jumapili."

Nsengimana alitazama chini. Kisha akasema polepole, kama mutu anayeuza kitu, "Toa ile buloni ya zamani. Weka kifungio kipya, iishe. Waasi wako Kibumba, ndugu yangu, na wewe unaniletea habari ya musumari?"

"Mama yake anakaa karibu hapa. Twende umuambie."

"Siendi."

"Amenichukia miaka kumi kwa kitu ulichofanya wewe."

"Basi enda wewe. Mulango wake unaujua." Aliokota kiti, akakiweka juu ya kingine. "Lakini gitare irudi mbele ya Jumapili. Kuna ubatizo."

Nyiramahirwe alikuwa amejenga nyumba ya mbao juu ya mawe meusi ya volkano, pale pale ambapo nyumba ya mutoto wake ilikuwa imezikwa chini. Viongozi walimupa kiwanja kingine, akakikataa. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Alimujua Ézéchiel kwa kikohozi chake, akageuka kuelekea ukuta.

"Mama, ninakuomba unisikilize mara moja tu. Kisha ninaenda."

"Wewe kuenda unajuaga."

Alimueleza yote. Alimueleza amri yao, chukudu, magodoro, mukono uliokwenda wenyewe kwenye musumari. Aliongea haraka, kama mutu aliyebeba mawe na sasa ameona mahali pa kuyatua. Alichukua kidole cha mama, akakiweka kwenye lile tundu la kombo, akachomeka pini ili asikie. Tak.

"Umesikia? Hii pini na hii buloni, ni mimi nilizitengeneza. Hakuna nyingine duniani. Nsengimana aliichukua asubuhi. Mimi sikumutuma Damien. Ni mukanda ulimudanganya."

Mama aliipapasa gitare. Alianzia kwenye ubavu, akapanda shingoni, akashuka kwenye nyuzi. Ikatoa sauti ndogo.

"Basi haikuungua," alisema.

"Haikuungua, mama."

"Na yeye kule juu alikuwa anashika nini?"

Ézéchiel hakuwa amejiandaa kwa swali hilo. Tangu kibarazani mpaka hapa alijiandaa kwa machozi, kwa laana juu ya Nsengimana, hata kwa kofi.

"Hapakuwa na kitu, mama."

"Muliniambia aliikumbatia. Wewe mwenyewe ulisema, Gisenyi, lazima aliikumbatia. Nilikuchukia, lakini lile neno nililiweka. Nikilala ninamuona ameishika vile alivyokuwa anaishika hapa nyumbani, anafunga macho. Ninasema, sawa, hakuwa peke yake." Alitoa mukono kwenye nyuzi. "Sasa unaniambia mutoto wangu alikuwa anapapasa mbao tupu."

"Nilitaka ujue si mimi."

"Nimejua. Si wewe."

Akamunyooshea mukono. Ule mukono alioungoja katika kila muji aliopita, sasa alikuwa ameushika, mukavu, na ukakaa ndani ya wake bila kubana, kama kitu ambacho mutu amekuachia uende nacho.

"Umepata ulichokuja kuchukua," mama alisema. "Sasa utoe hii gitare nyumbani mwangu. Impigie Nsengimana."

Ézéchiel alisimama. Alikuwa amefika kwenye kizingiti aliposikia sauti yake tena.

"Mukanda uache."

Alivuta mara moja, ukatoka. Alitaka kumuwekea mapajani, lakini mama aliinua kidevu kuonyesha nyuma ya mulango. Kulikuwa na musumari pale, na hakukuwa na kitu juu yake. Ézéchiel hakujua kama ulikuwa unangoja kofia, au mufuko wa soko.

"Tundika," alisema Nyiramahirwe. "Kwangu mimi iko ndani."

Akatundika.

Kibarazani aliing'oa buloni ya chukudu. Aliziba tundu la mbao kwa njiti za kiberiti na gundi, akangoja ikauke, akatia visi ya kifungio kipya. Alifunga mukanda wa Védaste mbele na nyuma, akaiyumbisha gitare hewani kwa nguvu, zaidi kuliko ilivyohitaji. Ilishika.

"Haitaanguka tena," alimuambia Védaste kesho yake.

"Na ile chuma ya zamani, muzee? Ilikuwa inafungana na nini?"

"Haifungani na kitu."

Védaste alishukuru, akaenda zake akiimba sauti ya besi kwa midomo. Ézéchiel alikusanya vyombo vyake. Mufuko haukuwa na kitu cha kuufunga, basi akaokota ule mupira wa pneu ambao Védaste aliuacha chini, akauzungusha mara mbili, akakaza. Upande wa Kibumba kulikuwa kunanguruma, na safari hii haikuwa mulima. Akashika barabara ya Sake, ile ya kutoka mujini.