Saa Zinazokimbia Juu

Shukrani ni zake Aliyeziinua mbingu bila nguzo, akaupa kila mwendo kipimo chake. Na rehema zimshukie Mtume wake. Watu wa kisa hiki ni watatu: mzee fundi saa, bintiye aliye mpima ardhi, na mke wa mzee, mama wa binti, aliyetangulia mbele ya haki miaka miwili iliyopita.

Mafuriko yalipita makaburini yakang'oa vibao na mawe, pakabaki tope lililokauka kama sakafu. Mzee, aliyezoea kumzuru mkewe kila Ijumaa, alizunguka wiki tatu asijue asimame wapi kumwombea. Ndipo binti akamweleza kwamba siku ya maziko alipapima mahali pale kwa chombo chake, kinachojua kilipo kwa kusikiliza saa zilizomo ndani ya setilaiti.

Mzee akauliza saa hizo zinakwendaje. Binti hakumficha: huko juu wakati wenyewe huenda upesi kuliko ardhini. Ukigawa sekunde moja mafungu milioni, saa hizo hutangulia mafungu thelathini na nane kila siku. Zikiachwa hivyo, chombo kitakosea kilomita kumi kwa siku moja tu.

“Saa inayokimbia ni mbovu,” mzee akasema. “Utanisimamisha kwa mke wa mtu, mama yako aninunie mpaka Kiyama.”

“Baba, saa ya ukutani ya mteja wa nchi ya baridi huifanyaje?”

“Kule baridi huufupisha ufito unaoning'inia, saa ikakimbia. Naipunguza mwendo hapa mezani, ikifika iende sawa.”

“Basi na hizo zilipunguzwa mwendo hapa chini, kabla ya kurushwa.”

Hoja ikamkaa mzee. Kisha akasema taratibu, “Kumbe ndiyo maana kwetu tuliobaki chini siku haziendi.”

Ijumaa asubuhi binti akatembea na chombo hatua kwa hatua, macho kwenye kioo, akasimama. Akachokoa tope kwa mwiko wa chuma kiasi cha shibiri. Ncha ikagonga kigingi alichokipigilia kwa mkono wake siku ya maziko.

Mzee akapiga magoti, akaweka kiganja juu ya udongo.

“Asalaam alaikum, mama watoto. Nimechelewa.”

Mola amnawirishie kaburi lake. Na waliobaki awape subira ya siku ndefu, awakutanishe naye kusikohesabiwa saa. Amin.